Je, Hadhira Hudanganywa? Maoni Kuhusu Mapatano ya Jukwaani

Kama umewahi kusahihisha majibu ya karatasi ya tatu ya Kiswahili, yaani Fasihi, bila shaka umekutana na kauli hii kwa sura mbalimbali: maigizo huifanya hadhira iamini kuwa yanayotendeka jukwaani ni ya kweli. Mtahiniwa huiandika bila wasiwasi, msahihishaji humpa alama yake, na wote wawili wakasonga mbele. Binafsi naona kauli hiyo ina kasoro, na si kasoro ya lugha bali ya fikra. Ikiwa hadhira huamini kwamba Makbeth amemuua mfalme kwa kweli, mbona hakuna anayeinuka kwenda kumwita polisi?

Huenda ukasema huu ni ubishi wa maneno tu. Sivyo. Mwanafunzi akishakubali kwamba kazi ya jukwaa ni kudanganya, ataanza kudhani kwamba kazi yake yeye mhakiki ni kufichua uwongo. Ndipo tunaposoma majibu ya aina hii: "tukio hili halina uhalisia kwa kuwa haliwezekani katika maisha ya kawaida", kana kwamba mwandishi amekamatwa akiiba. Aidha, hadhira yenyewe inageuka kuwa kundi la wajinga wanaohitaji kuonewa huruma. Makala haya yanashikilia msimamo tofauti. Hadhira haidanganywi, hadhira huafikiana. Swali la "je, haya ni kweli?" haliulizwi ukumbini kwa sababu lilikwisha kujibiwa kabla ya pazia kufunguliwa.

Tuanze mbali kidogo, kwa mfano ambao wanafunzi wetu wanaufahamu kutushinda. Mieleka ya kulipwa ya Marekani, ile inayoonyeshwa kwenye televisheni, ina wapenzi wengi mabwenini. Vijana wanawajua wanamieleka kwa majina, kwa mavazi, hata kwa nyimbo wanazoingilia nazo ulingoni. Sasa mwalimu mgeni akiwaambia kwamba mshindi huwa amepangwa mapema, hatamshtua hata mmoja. Watamcheka. Hilo wanalijua, na si siri. Mwaka 1989 kampuni iliyoitwa wakati huo World Wrestling Federation ililieleza Bunge la Seneti la jimbo la New Jersey kwamba mapambano yake ni burudani wala si mashindano, ili iondolewe usimamizi uliowekewa michezo kama ndondi. Maungamo yenyewe yalitolewa na wenye mchezo! Je, watazamaji walikimbia? Hawakukimbia. Mchezo uliendelea kukua na kuvuka bahari hadi kwetu.

Mhakiki Mfaransa Roland Barthes alikuwa amekwisha kulieleza jambo hili katika mkusanyiko wake wa insha uitwao Mythologies, uliotoka mwaka 1957. Insha ya kwanza kitabuni humo inahusu mieleka ya ukumbini Paris. Hoja yake, kwa muhtasari, ni kwamba mtazamaji wa mieleka hajali kabisa kama pambano limepangwa, kwa kuwa hakuja kutafuta mshindi. Amekuja kuona maumivu yakionekana kuwa maumivu, hila ikionekana kuwa hila, na mwishowe yule mwovu akilipwa alivyotenda. Barthes anaulinganisha ulingo na jukwaa la tamthilia za kale. Anayetaka kujua nani ana nguvu zaidi na aende kwenye ndondi.

Lakini kuna usiku mmoja ambapo swali la ukweli liliulizwa ukumbini. Tarehe 23 Mei 1999, katika mji wa Kansas City, mwanamieleka Owen Hart alikuwa akiteremshwa kwa kamba kutoka darini ili aingie ulingoni kwa mbwembwe. Chombo kilichomshikilia kikafunguka. Alianguka umbali wa takriban mita 24 na akafa. Mtangazaji aliwaambia watazamaji wa televisheni waziwazi kwamba walilosikia halikuwa sehemu ya burudani. Waliokuwa ukumbini hawakutangaziwa kitu, na onyesho likaendelea. Hebu fikiria hali ya mtu aliyeketi pale. Alikuwa na tiketi mkononi, na tiketi ile ilimwambia kwamba kila atakachokiona ni mchezo. Ghafla hakujua tena kama mapatano yangali yanasimama. Hofu ya namna hii haipatikani kamwe kwa mtu anayeamini kila kitu. Humpata anayejua tofauti baina ya mchezo na mambo ya kweli, kisha akaipoteza kwa dakika chache.

Waingereza waliliona jambo hili mapema. Samuel Johnson, katika dibaji aliyoiandikia kazi za Shakespeare mwaka 1765, alisema kwamba watazamaji wana akili zao timamu muda wote na wanajua toka mwanzo hadi mwisho kwamba jukwaa ni jukwaa. Coleridge naye, mwaka 1817, akazungumzia kule kuiweka kando kwa hiari ile tabia yetu ya kutoamini. Wahadhiri wetu wengi humtaja huyu wa pili na kumsahau wa kwanza. Mimi nadhani wote wawili wanashindwa na bibi yeyote aliyewahi kukaa jikoni jioni na wajukuu wake.

Chunguza mianzo ya ngano zetu. Fanani anasema, "Paukwa!" Hadhira inajibu, "Pakawa!" Au anasema, "Hadithi! Hadithi!" Nayo inajibu, "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Soma tena jibu hilo polepole. Uwongo njoo! Ni nani anayeuita uwongo hapa? Si msimulizi. Ni hadhira yenyewe, kwa sauti moja, hata kabla ya sungura kutokea. Na inataja sababu: utamu ukolee. Katika vitabu vya kiada mwanafunzi anafundishwa kwamba fomyula ya kuanzia huvuta makini ya hadhira na kuashiria mwanzo wa hadithi. Hayo ni sahihi, na ayaandike. Lakini tumwongezee la tatu ambalo ndilo kubwa: fomyula ni mkataba. Kuanzia hapa, wanyama watasema, zimwi litapika, mfu atafufuka, na hakuna atakayemwita bibi mwongo kesho asubuhi. Fomyula ya kumalizia huufunga mkataba huo na kuturudisha kwenye moshi na sufuria. Coleridge alidhani kuafikiana huko ni jambo la mtu mmoja moyoni mwake. Kwetu hufanywa kwa kinywa, na kundi zima. Asiyeitikia, fanani humngoja aitikie.

Swali linalofuata ni hili: ikiwa jambo hili ni bayana hivi, ile dhana ya hadhira inayodanganyika tumeitoa wapi? Naamini tumeirithi, na wala si urithi wa kujivunia.

Mwaka 1896 ndugu wawili Wafaransa, akina Lumière, walionyesha filamu fupi ya gari la moshi likiingia katika stesheni ya La Ciotat. Tangu hapo kumesimuliwa kwamba watazamaji wa Paris walipiga mayowe na kukimbia wakidhani litawakanyaga. Kisa ni kitamu, ila watafiti wa historia ya filamu waliopekua maandishi ya wakati ule hawakupata ushahidi thabiti wa mayowe hayo. Kimeendelea kusimuliwa kwa sababu kinampendeza anayekisimulia: wale wa zamani walikuwa wajinga, sisi wa leo tumeerevuka.

Kisa kama hicho kikaletwa Afrika, na safari hii kikapewa ofisi na bajeti. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika, uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara huko Tanganyika. Filamu zake zilizungushwa kwa lori katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kati, Kenya ikiwemo. Kisha mwaka 1939 Waingereza wakaunda kitengo cha filamu cha makoloni. Mmoja wa wakuu wake, William Sellers, aliyekuwa ametumikia idara ya afya Nigeria, alishikilia kwamba mtazamaji wa kijijini hawezi kuelewa mbinu za kawaida za filamu; kwamba aonyeshwe mambo polepole, picha zisibadilike harakaharaka, na asionyeshwe mazingaombwe yoyote ya kamera. Katika duru hizo kulienea kisa cha wanakijiji walioonyeshwa filamu kuhusu malaria. Mbu alitokea mkubwa kama nyumba. Filamu ilipomalizika wakasema kwamba ugonjwa huo hauwahusu, maana mbu wao ni wadogo.

Wakubwa wale walilichukua jibu hilo kuwa ushahidi wa upungufu wa akili. Mimi nikilisoma nasikia utani. Nasikia mzee mmoja aliyeketishwa gizani kwa saa nzima akihubiriwa kuhusu mashimo ya maji machafu, kisha akaulizwa maoni yake na kijana mgeni, naye akaamua kumjibu kama anavyostahili. Sisi tunaofundisha malumbano ya utani tungetarajiwa kuutambua utani hata ukiwa umeandikwa katika ripoti ya serikali. Siwezi kuthibitisha kwamba mzee yule alitania. Ila watu waliolelewa kwa "uwongo njoo" ni vigumu kuwasadiki kuwa waliduwazwa na shuka jeupe na taa.

Mfano wa karibu zaidi ni wa marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, ambaye Wakenya walimjua kama Mzee Ojwang' katika Vitimbi. Hakuwa Mjaluo kwa kuzaliwa. Matamshi yale, ukali ule wa mume wa Mama Kayai, yote yalikuwa maigizo. Wapo waliolijua hilo tangu zamani na wapo waliolijua baadaye sana. Waliojua na wasiojua walicheka kicheko kilekile. Hakuna aliyedai arudishiwe kicheko chake.

Hadi hapa, msomaji, hoja imekuwa nyepesi. Ugumu uko kwingine. Kuna matukio ambapo watu walitazama jambo la ajabu, wakaliamini kwa kweli, na wakafa. Je, hao nao waliafikiana? Hapa ndipo tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inapotusaidia kuliko kazi nyingine ninayoijua.

Kisa chake kinatokana na vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Mganga Kinjeketile wa Ngarambe aliwapa watu maji yaliyosemekana kuzuia risasi za Wajerumani. Tarehe 30 Agosti 1905 mashujaa walilishambulia boma la Mahenge, wakafyekwa na bunduki za rashasha. Makadirio ya waliokufa katika vita vyote, wengi wao kwa njaa, huanzia watu 75,000 na kwenda juu zaidi. Hussein mwenyewe ametahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa, asichukuliwe kuwa yule wa historia. Tazama basi: mwandishi anaanza kwa kupiga Paukwa yake.

Ndani ya tamthilia kuna hadhira mbili. Ipo hadhira ya ndani, yaani wahusika wanaomwona Kinjeketile akipandwa na kupokea maji. Ipo na hadhira ya nje, sisi tulioketi vitini, ambao tunajua tangu mwanzo kwamba risasi itapenya. Hii ndiyo kinaya ya kidrama, na watahiniwa huitaja kwa ufasaha. Wanapokosea ni pale wanapoongeza kwamba wahusika "walikuwa wajinga na washirikina". Jibu hilo ni la Sellers, si la Hussein. Hussein anatuonyesha watu waliogawanyika, kila kabila likiwa na lake, wote wakiumizwa na mnyapara mmoja na shamba moja la pamba. Maji yaliwapa kitu ambacho hotuba isingeweza kuwapa: sababu ya kusimama pamoja. Yaliyofanya kazi hiyo hayakuwa yale yaliyomo kibuyuni.

Na anayeanza kuuliza kama ni kweli ni nani? Ni Kinjeketile mwenyewe. Baada ya jemadari Kitunda kumwonyesha kwamba ule unabii wa kuwa watoto wa Seyyid Said ungewatoa kwa bwana mmoja na kuwatia kwa mwingine, shaka inamwingia. Anataka vita vingoje. Lakini neno limekwisha kumtoka na haliko tena mikononi mwake. Ndiyo tofauti kubwa baina yake na bibi wa jikoni. Bibi ana fomyula ya kumalizia. Kinjeketile hana. Ameanzisha tamasha lisilo na mlango wa kutokea, na waliomo ndani hawajaambiwa kwamba wameingia. Mwishoni, akiwa mfungwa, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uwongo, kwa kuwa anajua maadui wangeyatumia maneno hayo kuwavunja moyo watakaopigana baadaye. Unaweza kumlaumu, mimi bado sijaamua. Ninachoona ni kwamba sisi wa vitini tunaumia kwa sababu tunajua. Tungekuwa tunadanganyika pamoja na wale wa ndani, tusingeumia hata kidogo, tungesubiri ushindi.

Kwa hiyo tunaweza kuwa na kipimo. Tusiulize kama tamasha limebuniwa, maana kila tamasha limebuniwa. Tuulize kama mpaka wake umeonyeshwa. Ukumbini kuna pazia, tiketi, maleba na makofi. Katika ngano kuna fomyula. Katika miviga kuna siku, mahali na wahusika wanaojulikana. Mahali ambapo mpaka umefichwa makusudi, hapo ndipo pa kushuku.

Kigogo ya Pauline Kea, iliyowahi kuwa kitabu teule, ina mfano mzuri usiosemwa vya kutosha. Utawala wa Majoka unatangaza sherehe za uhuru huko Sagamoyo, na Kenga anawaletea wachongaji keki. Boza anakula. Sudi anakataa. Wanafunzi huandika kwamba Boza amedanganywa. Hata! Boza si mtoto. Anaona soko lilivyo na anajua hali ya mfuko wake. Anachofanya ni kuitikia "pakawa" katika hadithi ambayo msimulizi wake hakubali kwamba ni hadithi. Sudi naye hakatai utamu wa keki. Anakataa kuwa hadhira. Ukilisoma tukio hilo hivyo, utaona pia kwa nini mwishoni umati ukimgeukia Tunu, Majoka anabaki hana kitu. Nguvu zake zilikuwa katika kutazamwa.

Neno kwa walimu wanaoandaa michezo kwa ajili ya tamasha za drama za shule na vyuo, ambazo zimekuwepo nchini tangu mwaka 1959. Kuna imani kwamba damu ikiwa nyekundu zaidi na kilio kikiwa kikubwa zaidi, ndivyo hadhira itakavyoguswa. Kisha siku ya maonyesho mhusika anakufa, na ukumbi mzima unaangua kicheko. Mwalimu anawalaumu watazamaji kwa utovu wa nidhamu. Mara nyingi kosa si lao. Waliafikiana kumwona mama anayefiwa, wakaonyeshwa chupa ya rangi. Ushabihikweli hautokani na wingi wa vitu vya kweli jukwaani. Hutokana na mhusika kutenda linalolingana na yeye mwenyewe na hali yake. Kijiti kinaweza kuwa upanga kwa saa nzima mradi hakuna anayekitumia kama kijiti.

Kwa mtahiniwa, nashauri uliache kabisa neno "kudanganya" unapojadili athari ya onyesho kwa hadhira. Sema linaishirikisha, linaipa taharuki, linaijengea kinaya, kisha utoe tukio. Ukitakiwa kujadili uhalisia, usiorodheshe yasiyowezekana. Onyesha jinsi lisilowezekana linavyoibua jambo linalotokea. Ndoto, mizuka na wanyama wasemao havipunguzi uhalisia wa kazi hata chembe ikiwa mkataba ulikuwa wazi.

Ukitaka kulijaribu hili darasani, mwalimu mwenzangu, gawa darasa makundi mawili. La kwanza lisimuliwe ngano ya fisi kwa fomyula kamili. La pili lisimuliwe ngano ileile, neno kwa neno, ila uanze moja kwa moja kama unayetoa habari ya jana kijijini. Kisha yaulize makundi yote mawili swali moja tu, umemwonaje fisi, na uandike ubaoni ni kundi lipi lililozungumza kuhusu fisi na ni lipi lililozungumza kuhusu wewe.